Punje ya Mchanga na Kwao



Jumamosi iliyopita nilishuka hadi Bluffer's Park, pale chini ya magenge ya Scarborough, nikiwa na mpwa wangu wa miaka 9. Wengi wetu tunaoishi mashariki mwa Toronto tunapafahamu. Ndipo tunapochoma nyama wakati wa joto, ndipo watoto wanapokimbizana mpaka jua linazama. Usiku wa kuamkia siku hiyo ziwa lilikuwa limechafuka na mawimbi yalikuwa yameupanga mchanga upya. Pale maji yalipoishia kulikuwa na utepe mweusi, mwembamba kama kamba ya kiatu, na kando yake utepe wa pili, mwekundu wa kuiva, kana kwamba mtu amemwaga juisi ya rozela. Mtoto akaniuliza, "Mjomba, nani amemwaga rangi hapa?"

Nilikuwa nimechukua sumaku. Nikaifunga ndani ya mfuko wa nailoni, nikampa aipitishe juu ya ule utepe mweusi. Punje zikarukia mfuko, zikasimama wima kama manyoya ya paka aliyeshtuka. Hiyo ni magnetiti, madini ya chuma. Zile nyekundu hazikushughulika na sumaku. Hizo ni ganeti, ndugu wa vito vinavyochimbwa bonde la Umba kule Tanga, ila hizi za Toronto ni ndogo kuliko chembe ya sukari. Nikamwambia hakuna aliyemwaga kitu. Zimekuja zenyewe, na zimetoka mbali.

"Mbali wapi?"

Swali hilo ndilo nililokuja nalo leo. Mchanga unaoukanyaga umetoka wapi, na mtu anajuaje? Ni swali la mtoto, lakini watu wazima wamelifanyia kazi maisha yao yote, na baadhi yao walilifanyia kazi hapahapa katika mji huu.

Tuanze na lile genge lenyewe. Pale lilipo juu zaidi linafika kiasi cha mita 90 kutoka usawa wa ziwa, na kila mwaka linaliwa na mawimbi na mvua. Ndani yake hakuna jabali. Kuna tabaka juu ya tabaka za mchanga, udongo wa mfinyanzi na kokoto, zilizoletwa na mito na maziwa ya enzi za barafu, pamoja na barafu yenyewe. Barafu ile ilikuwa nene mno. Ilitoka kaskazini ikikwangua kila ilichopitia, ikayasaga mawe ya Haliburton na Muskoka, ikayasukuma huku kusini. Ganeti za mpwa wangu zilizaliwa huko kaskazini, ndani ya mawe yale. Barafu ikazileta, mto ukazitandika, genge likazihifadhi, ziwa likazitoa. Na hazikai. Mkondo wa maji huusukuma mchanga wa Scarborough kuelekea magharibi, na ndio uliojenga Visiwa vya Toronto. Visiwa hivyo vilikuwa rasi iliyoshikana na nchi kavu mpaka dhoruba ya mwaka 1858 ilipoikata. Familia inayopanda feri Jumapili kwenda Centre Island inatandika mkeka juu ya mchanga uliohama si chini ya mara tatu.

Sasa ganeti unaiona kwa macho. Magnetiti utaishika kwa sumaku. Lakini katika utepe ule kuna punje nyingine ambazo sikuweza kumwonyesha mtoto, kwa sababu nyingi hazizidi sehemu ya kumi ya milimita. Zinaitwa zirkoni. Chini ya darubini zinaonekana kama vijiti vidogo vya kioo, vingine havina rangi, vingine vina wekundu wa chai ya rangi. Ukitaka kujua mchanga umetoka wapi, hizo ndizo za kuulizwa. Kila moja imebeba tarehe yake ya kuzaliwa.

Nieleze jinsi inavyoibeba, maana hapa ndipo uzuri wote ulipo.

Zirkoni huzaliwa ndani ya mwamba ulioyeyuka unapoanza kupoa, chini sana ardhini. Inapojijenga, huzipokea atomi za urani, kwa kuwa zinapata nafasi katika umbo lake. Atomi za risasi huzikataa karibu zote, hazitoshei. Kwa hiyo siku ya kwanza punje ina urani, na risasi haina. Toka hapo urani inaanza kugeuka kuwa risasi, kidogo kidogo, kwa mwendo usiobadilishwa na mvua, jua wala uzito wa milima. Urani ya namba 238 hupungua kufikia nusu yake baada ya miaka milioni 4,468. Urani ya namba 235 hupungua kufikia nusu baada ya miaka milioni 704. Zote mbili zimo ndani ya punje ileile. Ni saa mbili katika chumba kimoja, moja ya taratibu na nyingine ya haraka, na mpimaji anazisoma zote. Zikitoa jibu moja, anatulia. Zikipishana, anajua punje hiyo imepata msukosuko njiani, na mara nyingi upishano wenyewe humwambia msukosuko ulitokea lini.

Pamoja na hayo, zirkoni ni ngumu kwelikweli. Mwamba mama unaoza, sehemu yake kubwa inageuka udongo wa mfinyanzi, ulanga unachanika na kupeperuka, zirkoni inabaki. Inaingia mtoni, inagongana na mawe, inafika bondeni, inafukiwa. Mashapo yanakuwa jiwe. Baada ya miaka mamilioni jiwe linainuliwa, linamomonyoka, punje inatoka na kuanza safari nyingine, na tarehe yake iko palepale.

Kazi ya kuzitafuta inafanana na kazi tunazozijua. Mtaalamu anarudi kutoka porini na mfuko wa jiwe la mchanga, tuseme kilo 5. Jiwe linapondwa. Unga wake unapitishwa na maji juu ya meza inayotikisika, na ukimwangalia fundi wa meza ile utamkumbuka mama anayepeta mchele kwenye ungo: chepesi kinatoka, kizito kinabaki. Wachimbaji wadogo wa Geita wanaoosha dhahabu kwenye karai wana elimu hiyohiyo mikononi. Halafu inakuja sumaku kali, kuondoa vyenye chuma. Halafu kimiminiko kizito, uzito wake zaidi ya mara tatu ya maji. Humo mchanga wa kawaida huelea kama kizibo, zirkoni huzama. Mwishowe mtu anakaa na darubini na sindano. Punje hugandishwa kwenye gundi, husuguliwa mpaka tumbo lake lionekane, kisha miale ya leza hutoboa kitundu ambacho upana wake haufikii nusu ya unene wa unywele. Moshi unaotoka pale unaingia kwenye mashine inayopima atomi kwa uzito wake. Dakika chache, umri umepatikana.

Punje moja haitoshi, lakini. Mchanga ni umati. Mwaka 2004 mtaalamu aitwaye Pieter Vermeesch alikokotoa kwamba ukitaka uhakika wa asilimia 95 kuwa hukukosa kundi lolote lenye sehemu ya asilimia 5 au zaidi ya mchanga wako, pima punje 117. Ndipo unapopata picha: kundi hili lina miaka milioni 600, kundi lile milioni 1,100, wazee wachache wana milioni 2,700. Unalinganisha umri huo na milima inayojulikana, na unaanza kusema maji yalitoka upande gani.

Siku hizi leza imefanya kazi hii iwe ya haraka. Haikuwa hivyo, na hapa ndipo Toronto inapoingia. Mtaalamu wa zirkoni aitwaye Thomas Krogh alizaliwa Peterborough, mwendo usiofika saa mbili kwa gari kutoka hapa, mwaka 1936. Zamani zake tatizo kubwa lilikuwa uchafu. Risasi iko kila mahali, katika vumbi, katika maji, katika dawa za maabara zenyewe, na risasi iliyomo ndani ya zirkoni ni kidogo mno. Ukiingiza uchafu wa nje, umri unaoupata ni wa uongo. Mwaka 1973 Krogh alichapisha njia ya kuziyeyusha zirkoni ndani ya kichupa cha Tefloni kilichofungwa barabara na kutiwa ndani ya joto, kwa asidi safi, uchafu ukiwa umepungua kupita kiasi cha watu kuamini wakati ule. Mwaka 1975 alikuja Royal Ontario Museum, yale makumbusho ya Queen's Park tunakowapeleka watoto kutazama dinosau, akaanzisha maabara iliyokuja kuitwa kwa jina la mwanajiolojia Jack Satterly. Mwaka 1982 akaongeza jambo lingine: kichumba kidogo ambamo hewa inazungusha punje mpaka ganda lake la nje, lile lililoharibika na kuvujisha risasi, linasagika na kubaki kiini kizima. Maabara ile baadaye ilihamia Chuo Kikuu cha Toronto. Krogh alifariki mwaka 2008.

Natamani kila anayeingia makumbusho yale angejua kwamba nyuma ya mifupa ile ya dinosau, katika vyumba ambavyo umma haukuingia, ndimo ulimwengu ulimojifunza kuisoma punje moja peke yake. Nitatoa mifano miwili, na yote miwili ilitoka pale.

Wa kwanza ni wa mwaka 1992. Mwanajiolojia Robert Rainbird alikuwa anachunguza mawe ya mchanga ya kisiwa cha Victoria, kaskazini kabisa mwa Canada, katika nchi ya barafu. Mawe yale yana mistari ya mshazari ndani yake, alama ya mito, na mshazari ulionyesha maji yalikuwa yakienda kaskazini-magharibi. Mto gani? Kutoka wapi? Yeye na Grant Young wakashirikiana na Larry Heaman wa maabara ile ya Toronto, wakapima zirkoni. Idadi kubwa ya punje zilikuwa na miaka milioni 1,000 na ushei. Jirani na kisiwa hakuna milima ya umri huo iliyoweza kutoa mchanga wote ule. Ukanda mkubwa wenye umri huo uko upande wa pili wa bara, kusini-mashariki, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka pale. Unaitwa Grenville. Ni mizizi ya milima ambayo wajuzi wanaifananisha na Himalaya kwa ukubwa, na mawe ya Haliburton na Muskoka ni sehemu yake. Hata chini ya Toronto yenyewe, ukichimba mita mia kadhaa na kuyapita mawe ya bahari ya kale, unaifikia Grenville.

Maana yake ni kwamba palikuwa na mto, au mtandao wa mito, uliolivuka bara zima. Ulitoka katika milima iliyokuwa upande huu wetu na kwenda kumwaga mchanga ukingoni mwa bahari ya kaskazini. Nchi kavu wakati ule haikuwa na mti wala nyasi. Hapakuwa na mizizi ya kuzishika kingo, kwa hiyo maji yalijitandaza kwa upana, mikono ikitengana na kukutana kama nywele zinazosukwa. Milima imekwisha. Mto umekwisha. Hakuna kiumbe mwenye macho aliyeuona. Ushahidi uliobaki ni mwelekeo wa mistari katika jiwe na umri wa punje ndogo kuliko ncha ya kalamu. Mimi sijui habari ya kuupita utu wetu kama hii, na huwa nairudia kila nikipita barabara kuu ya kwenda Muskoka, pale walipopasua jiwe la waridi ili gari zipite. Lile jiwe pembeni mwa barabara ndilo lililokuwa kilindi cha ile milima.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1993. Wakati huo wataalamu walikuwa wakibishana kuhusu shimo la Chicxulub, katika rasi ya Yucatán, Meksiko. Je, ndipo kilipopiga kimondo kikubwa kilichohusishwa na mwisho wa dinosau? Huko Colorado, Marekani, kilomita zaidi ya 2,000 kutoka Yucatán, kuna utando mwembamba wa udongo wa wakati ule, na ndani yake zimo zirkoni zenye makovu, mistari ya mkandamizo ambao hakuna volkano inayoutoa. Krogh, Sandra Kamo na wenzao walizipima punje hizo mojamoja. Saa mbili za punje zilipishana, na upishano ule ukatoa tarehe mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kuzaliwa, miaka milioni 545 hivi. Ya pili ilikuwa ya kugongwa, karibu miaka milioni 65. Wakazipima zirkoni za Chicxulub kwenyewe: tarehe zikawa zilezile mbili. Punje ya Colorado ilikuwa imezaliwa Yucatán, ikarushwa angani siku ile ya msiba, ikaangukia ugenini. Mtu akikuambia mchanga ni mchanga tu, mpe kisa hicho.

Lakini lazima niseme na mipaka ya elimu hii, kwa kuwa nimewahi kusikia watu wakiitumia kwa pupa. Zirkoni inakutajia mwamba ulioizaa; haikutajii njia iliyopitia. Punje ya Grenville iliyoko Scarborough huenda ililetwa na barafu moja kwa moja. Huenda pia ilikaa kwanza ndani ya jiwe la mchanga la kale kwa mamia ya mamilioni ya miaka, ndipo barafu ikalivunja jiwe hilo. Tarehe ni ileile, safari ni mbili tofauti. Tena mawe mengine hayazai zirkoni za kutosha. Mlima mzima wa basalti, jiwe jeusi la volkano, unaweza kumomonyoka ukaingia bondeni na usisikike katika hesabu, huku kilima kidogo cha graniti kikipiga kelele. Ndiyo maana msomaji mzuri wa mchanga hutazama pia ganeti, hutazama mshazari wa tabaka, hutembea kwa miguu akiyashika mawe yenyewe.

Kuna kanuni moja ambayo haina ubishi mwingi, nayo ni ya punje iliyo changa kuliko zote. Ukikuta ndani ya kapu gazeti la Jumatatu, kapu hilo halikufungwa Jumapili. Mashapo vivyo hivyo: hayawezi kuwa ya zamani kuliko punje changa kabisa iliyomo. Mabonde mengi yasiyo na visukuku yamepata tarehe kwa njia hiyo.

Sasa twende nyumbani, msikilizaji, maana mawe ya kwetu yaliingia katika habari hii mapema. Mwaka 1911 kijana wa Kiingereza aitwaye Arthur Holmes, mwenye miaka 21, alikuwa amekwisha andika moja ya makala za kwanza duniani za kupima umri wa mawe kwa urani na risasi. Mwaka huohuo alikwenda Msumbiji kutafuta madini. Madini ya kumtajirisha hakuyapata. Alichopata ni malaria iliyomwangusha vibaya. Lakini mawe aliyoyaona hayakumtoka. Mwaka 1951 yalichapishwa maandishi yake yaliyoupa jina Ukanda wa Msumbiji, na jina hilo linatumika mpaka leo. Ni mizizi ya milima vilevile, ndugu wa Grenville kwa tabia ingawa mdogo wake kwa umri. Mawe yake mengi yalipikwa kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, na Uluguru, Usambara, Upare na vilima vya Taita vimo ndani yake. Magharibi yake, kuanzia Dodoma na Singida kwenda Mwanza, kuna mawe ya miaka zaidi ya milioni 2,500. Kwa hiyo mchanga wa pwani yetu una njia ya kuhojiwa. Punje ya milioni 600 inaelekeza kidole kwenye milima ya karibu. Punje ya milioni 2,700 inataja bara la ndani.

Jambo hili lina faida ya mkononi. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, imekaa ndani ya vitundu vya jiwe la mchanga. Anayetaka kujua mchanga mzuri kama huo umelala wapi tena chini ya bahari, ni lazima ajue mito ya kale ilitoka wapi na ilimwagia wapi.

Kazi iliyonifurahisha kuliko zote ni ya bonde la Rukwa, upande wa Mbeya na Songwe. Mwaka 2012 mwanajiolojia Eric Roberts na wenzake walitoa matokeo ya zirkoni za huko, pamoja na majivu ya volkano na alama za mito ya kale. Vitabu vilikuwa vikisema mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa ni mdogo sana kwa umri kuliko ule wa mashariki. Wao wakaonyesha kwamba volkano na ziwa vilikuwapo Rukwa miaka milioni 25 iliyopita, yaani zaidi ya miaka milioni 14 kabla ya tarehe iliyokuwa ikikubalika. Na kabla ya hapo mito ilikuwa imegeuka. Maji yaliyokuwa yakienda upande mmoja yaliacha njia, ardhi ilipoanza kuinuka chini yake. Katika tabaka hizohizo za Rukwa ndimo yalimopatikana mabaki ya Rukwapithecus, nyani asiye na mkia wa miaka milioni 25, na katika tabaka za chini yake wamo viumbe wenye majina ambayo msikilizaji hahitaji kutafsiriwa: Pakasuchus, mamba mwenye meno yaliyowakumbusha watu paka, na Mnyamawamtuka, dinosau aliyepewa jina la mto Mtuka.

Mimi kwetu ni Msambweni, kaunti ya Kwale, na hapa ndipo ninapofika kwenye jambo linaloniuma. Nilikua nikichezea udongo mwekundu wa kule bila kujua kwamba umejaa zirkoni. Kampuni ya Base Titanium ilijenga mgodi, na mwezi Februari 2014 meli ya kwanza ikaondoka Likoni. Walichukua ilmenaiti, rutaili na zirkoni mpaka Desemba 2024, uchimbaji ulipokoma kwa kuwa madini ya kutosha yalikuwa yamekwisha. Zirkoni ile huenda kutengenezea vigae na masinki, kwa sababu huipa ngozi ya vitu hivyo weupe usiopitisha mwanga. Kazi ilipatikana, kodi ililipwa, na sina ugomvi na mtu kwa hilo.

Ila fikiria punje zile zilivyofika Kwale. Zilizaliwa katika mawe ya Ukanda wa Msumbiji na mengine ya kale zaidi. Zikamomonyoka, zikafukiwa katika mawe ya mchanga ya Mazeras na Shimba, enzi ambazo Afrika na Madagaska zilikuwa bado zimeshikana. Yakaja kumomonyoka mawe hayo nayo, na upepo na maji vikaupanga ule mchanga mwekundu karibu na bahari. Ni makao matatu, kama ya ule mchanga wa Bluffer's Park. Kila punje ilikuwa na tarehe. Sasa maelfu kwa maelfu ya tani za tarehe ziko ukutani katika vyoo na majiko ya nchi za watu. Hakuna mashine itakayozisoma tena.

Simkatazi mtu kuuza mchanga. Ninachosema ni kwamba ukiuza shamba la marehemu babu yako, zile karatasi zilizomo sandukuni unazitoa kwanza. Mchanga wa bonde ndilo sanduku la karatasi za nchi: milima gani ilikuwapo, mito ilielekea wapi, lini ardhi iliinuka. Krogh na wenzake waliweza walichoweza kwa sababu walikuwa ndani ya makumbusho, mahali ambapo jiwe huwekwa kwenye droo na karatasi ya jina hata kama leo halina wa kulisoma. Leza yenyewe hula sehemu ndogo tu ya punje. Sehemu iliyobaki inamngoja mwanafunzi ambaye hajazaliwa na mashine ambayo haijabuniwa.

Miradi kama ule wa Kwale inatajwa pia Kigamboni na upande wa Tanga. Kwa hiyo namwomba kila mwenye sauti: diwani, mbunge, mhadhiri wa jiolojia wa Dar es Salaam au Nairobi, mzazi mwenye kijana anayesoma sayansi ya ardhi hapa Toronto. Kabla ya tingatinga la kwanza, vishimo vichache vichimbwe kwa ajili ya kumbukumbu. Mchanga wa kila kina utiwe mfuko wake, uandikwe mahali, kina na tarehe, upelekwe makumbusho au chuoni, na ufunguo ukae na watu wa nchi hiyo. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na ya mgodi wenyewe.

Mpwa wangu alirudi nyumbani na mchanga wake katika kichupa cha jemu. Tumeandika juu yake: Bluffer's Park, mstari wa mawimbi, na tarehe. Kiko dirishani.

Kwa mradi mzima wa mchanga wa pwani yetu, mfuko wa kilo 5 kwa kila kina cha kila shimo unatosha.